Pampu ya Insulini Dodoma: Mashine Inadai Nini Kabla ya Kuvaliwa

Mzazi wa Dodoma mwenye mtoto anayeishi na kisukari cha aina ya kwanza siku hizi anaijua pampu ya insulini kwa picha. Ndugu aliye Uingereza au Marekani ametuma video kwenye simu: mtoto wa umri uleule, kidude kiunoni, kimrija kimeingia tumboni, hakuna bomba la sindano mezani. Swali linalofuata kliniki huulizwa kwa namna nyingi lakini uchungu wake ni mmoja. Kwa nini wangu achomwe kila siku wakati mashine ipo?

Jibu la bei lipo, na ni la kweli. Pampu moja inauzwa maelfu ya dola, na hapo ni kuanzia tu. Vimrija hubadilishwa kila baada ya siku mbili au tatu, makasha ya insulini huisha, na kihisi cha sukari, kwa zile zinazokitumia, hudumu wiki moja hadi mbili kisha hutupwa. Katika hospitali zetu za umma kifaa hiki hakimo katika huduma ya kawaida. Lakini tukiishia kwenye bei tunaliacha jambo zito zaidi. Hata wafadhili wakishusha kontena zima la pampu kesho pale Hospitali ya Benjamin Mkapa, watoto wengi wa mikoa ya kati hawatakuwa salama nazo, kwa sababu mashine hii inadai vitu ambavyo hatujawapa bado: vipimo vya kutosha, ujuzi wa kurekebisha dozi, na mtu wa kumpigia simu usiku wa manane. Hoja yangu ni kwamba vitu hivyo ndivyo vinavyookoa macho na figo, pampu iwepo isiwepo. Tunaweza kuanza kuvitoa sasa hivi.

Tuitazame mashine yenyewe kwanza. Ndani yake mna kasha dogo la insulini ya kasi, mota na betri. Kila baada ya dakika chache inasukuma kiasi kidogo sana cha insulini chini ya ngozi, mchana na usiku, hiyo ndiyo dozi ya msingi. Mwenye kuivaa akitaka kula anabonyeza dozi ya chakula, na sukari ikiwa juu anaongeza ya kurekebisha. Uzuri wake ni kwamba dozi ya msingi inaweza kubadilishwa saa kwa saa. Miili mingi hupandisha sukari yenyewe karibu na alfajiri, na pampu inaweza kuamriwa iongeze kuanzia saa tisa usiku, jambo ambalo sindano ya jioni haiwezi. Wazo hili si geni. Mwaka 1963 daktari Arnold Kadish wa Los Angeles alitengeneza mashine ya namna hii iliyobebwa mgongoni kama begi. Mwaka 1978 John Pickup na Harry Keen wa London wakaonyesha kwamba insulini inaweza kupitishwa chini ya ngozi mfululizo kwa kifaa cha kubebeka. Mwaka 2016 Marekani ikaidhinisha pampu ya kwanza inayosoma kihisi na kujirekebishia dozi ya msingi yenyewe.

Linganisha na ratiba ambayo watoto wengi wa huku wamekulia nayo: insulini ya mchanganyiko, asilimia 30 ya kufanya kazi haraka na asilimia 70 ya taratibu, mara mbili kwa siku, theluthi mbili asubuhi na theluthi moja jioni. Ukishaichoma, siku yako imepangwa. Ile sehemu ya taratibu inapamba moto mchana, uwe umekula au hujala. Kwa familia yenye mlo wa uhakika ratiba hii inabebeka. Kwa Ugogo ina hatari yake, na hatari hiyo ina majira. Mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili. Kati ya Januari na Machi ndipo jembe halipumziki, na ndipo ghala za kaya nyingi za Chamwino, Bahi na Mpwapwa huwa zinaelekea ukingoni. Kijana anaamka, anachoma dozi ileile aliyokuwa akichoma Julai baada ya mavuno, anaelekea shambani kupalilia, na mlo wa mchana haujulikani. Kazi ya jembe inashusha sukari, njaa inashusha sukari, na insulini aliyokwisha kuichoma hairudi kwenye kichupa. Akianguka mara moja au mbili, familia hujifunza somo baya: siku isiyo na chakula, usichome kabisa. Hapo mlango wa asidi ya ketoni, ile inayojaa kwenye damu insulini inapokosekana, unakuwa wazi, kwa maana mwili wa aina ya kwanza unahitaji insulini ya msingi hata tumbo likiwa tupu.

Ukitafakari hivyo unaona kwamba anayehitaji zaidi ule uhuru wa pampu, uhuru wa kutenganisha dozi ya msingi na dozi ya chakula, ni huyu wa shambani kuliko wa mjini mwenye friji iliyojaa. Na uhuru huo haumo ndani ya mashine peke yake. Insulini ya muda mrefu mara moja kwa siku, pamoja na ya kasi kila unapokula, inatenganisha vitu vilevile viwili kwa bomba la sindano la kawaida. Asipokula mchana, hachomi ya mchana. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliingiza insulini za kisasa za muda mrefu kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Mtoto aliyehamishiwa kwenye ratiba hii anachomwa mara nne badala ya mbili, na mzazi hushtuka akisikia hivyo. Ni haki yake kushtuka, ila aelezwe kwamba sindano mbili za nyongeza zinamnunulia mtoto siku isiyomlazimisha kula kwa saa.

Ushahidi wa utafiti unaelekea hukohuko. Utafiti mkubwa kuliko yote uliobadili tiba ya aina ya kwanza ulifanyika Marekani na Kanada kati ya 1983 na 1993, ukahusisha watu 1,441. Waliodhibitiwa kwa karibu walipunguziwa hatari ya kuanza kuharibika macho kwa asilimia 76. Watu husahau jambo moja: kundi hilo lilitumia pampu au sindano tatu na zaidi kwa siku. Vyote viwili viliruhusiwa. Walichofanana ni kupima sukari angalau mara nne kwa siku, kurekebisha dozi kwa kufuata vipimo, na kuwasiliana na wauguzi mara kwa mara. Kisha mwaka 2017 jarida la madaktari la Uingereza likachapisha utafiti uliowapa watu wazima mafunzo yaleyale ya kuhesabu chakula na kurekebisha dozi, nusu wakavaa pampu na nusu wakabaki na sindano. Makundi yote yalipata nafuu, na tofauti kati yao ilikuwa ndogo mno kuweza kusemwa kwamba ni ya pampu. Mwaka 2019 utafiti mwingine wa hukohuko ukafanywa kwa watoto waliopewa pampu tangu kugunduliwa, nao haukuona kwamba walidhibitiwa vizuri kuliko wenzao wa sindano. Mashine mpya zinazojirekebisha kwa kihisi zimefanya vizuri zaidi, na ndiyo maana Uingereza Desemba 2023 iliamua kuanza kuzitoa hatua kwa hatua kwenye huduma ya umma. Sisemi pampu ni urembo. Nasema hata huko ilipoanzia, mafunzo yalibeba sehemu kubwa ya mzigo.

Mafunzo hayo yakija Dodoma yatakutana na maisha ya Dodoma, na hapa ndipo penye kazi ambayo hakuna kitabu cha kiwandani kitakachotufanyia.

Anza na sahani. Pampu humuuliza mwenye kuivaa anakula gramu ngapi za wanga. Mtoto wa Leeds anasoma nyuma ya pakiti. Mtoto wa Mvumi ana ugali wa uwele na mlenda, na ugali hauna maandishi. Nyumba moja inausonga mgumu, nyingine laini. Isitoshe, watoto wanakula kwenye sinia moja, na mwenye mkono mwepesi hula zaidi. Kumtoa mtoto kwenye sinia na kumketisha na sahani yake ni kumfanya mgeni ndani ya nyumba ya baba yake, na watoto wengi wataikataa tiba kabla ya kuukubali upweke huo. Njia inayowezekana ni kumpimia kwanza: bakuli moja lilelile kila siku, ugali ujazwe hapo, kisha aulie palepale na wenzake huku mboga ikiwa ya wote. Bakuli hilo linaweza kupelekwa kliniki, ugali wa nyumbani ukapimwa kwenye mizani mara moja, mzazi akapewa namba yake ya kukumbuka. Ni kazi ya robo saa, na inafaa sawa kwa anayetumia sindano.

Kidole nacho kina mambo yake. Dodoma ni nchi ya zabibu, na wakati wa mavuno Hombolo na Makutupora mikono ya watu hunata kwa utomvu mtamu. Watafiti wa Japani walichapisha mwaka 2011 matokeo ambayo ningependa yabandikwe ukutani katika kila kliniki ya mkoa huu: mtu aliyemenya tunda, zabibu ikiwa mojawapo, kisha akapima sukari bila kunawa, mashine ilimwonyesha sukari ya juu ambayo haikuwepo kwenye damu. Kufuta kwa pamba ya spiriti hakukutosha, hata kwa kurudiarudia. Maji yalitosha. Mwenye sindano akisoma namba hiyo ya uongo anaweza kusita, akajiuliza mbona anajisikia vizuri. Mwenye pampu akiiingiza kwenye kikokotoo, mashine inampendekezea dozi ya kurekebisha sukari ambayo hana, naye akikubali anaweza kuzimia shambani. Na maji ya kunawa, kwa kijiji kinachochota mbali wakati wa kiangazi, si jambo dogo. Anayemfundisha mzazi "nawa kwanza" amuulize pia maji yanatoka wapi, na kikombe kimoja cha kunawia kiwekwe karibu na mashine ya sukari kama sehemu ya dawa.

Joto linazungumzwa sana, nadhani kupita kiasi. Uwanda wetu uko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Oktoba na Novemba nyuzi hupita 30 mchana, lakini usiku hupoa, na hewa ni kavu. Kichupa ambacho hakijafunguliwa kinataka nyuzi 2 hadi 8, hilo halina mjadala. Kilichofunguliwa ndicho kilichowatia mama zetu hofu isiyo na sababu. Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walipima joto ndani ya nyumba za kambi ya wakimbizi ya Dagahaley huko Dadaab, Kenya, wakaiga maabara mabadiliko yaleyale ya nyuzi 25 hadi 37, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba insulini ilibaki na nguvu yake kwa wiki nne. Mtungi wa udongo wenye maji, uliowekwa kivulini, hupoza vizuri zaidi katika ukavu wa Dodoma kuliko kwenye unyevu wa Pwani. Mama asiye na friji asiambiwe kwamba mtoto wake hawezi kutunzwa nyumbani. Pampu, kwa upande wake, inakaa mwilini chini ya nguo, na insulini iliyomo isipite nyuzi 37. Anayelima jua la saa saba na kifaa kikiwa kiunoni lazima akivae upande wa kivuli, akifunike kwa kitambaa, na abadilishe kasha mapema kuliko mtu wa ofisini.

Kuna hatari moja ambayo video za ndugu hazionyeshi, nayo ndiyo inayonifanya niseme tusikimbilie. Anayechoma insulini ya muda mrefu ana akiba mwilini. Mwenye pampu hana, kwa kuwa mashine hutumia insulini ya kasi tu, ambayo huisha nguvu ndani ya saa chache. Kimrija kikijikunja usiku wa saa nne, mtoto anaweza kuamka akitapika. Hata povu la hewa si la kupuuza. Kwa mtoto mdogo anayepokea theluthi ya uniti kwa saa, povu lenye ujazo wa uniti moja ni saa tatu bila insulini ya msingi, na mashine itaendelea kuhesabu kana kwamba imetoa. Dalili za kukosa insulini hivyo ni kutapika, tumbo kuuma, kuhema kwa kasi na kwa kina, pumzi kunukia kama matunda yaliyoiva sana. Katika zahanati nyingi dalili hizo huitwa malaria hadi ithibitike vingine. Kwa hiyo kila aliyezoea pampu anaishi na sheria hii: sukari ikipita 14 mmol/L na haishuki, pima ketoni, choma dozi ya kurekebisha kwa bomba la sindano wala si kwa pampu, kisha badilisha kimrija. Bomba la sindano haliondoki nyumbani. Katika nchi zenye wakala wa kampuni, pampu ikifa huletwa nyingine haraka. Hapa itasubiri ndege, na wakati wa kusubiri mtoto anarudi kwenye sindano, kwa dozi ambazo mzazi lazima awe anazijua kwa kichwa.

Kuzoea pampu pia ni kuzoea kuonekana. Sindano hufichika, kwani unaingia ndani, unachoma, unatoka. Pampu inalala nawe. Mtoto anayelala kitanda kimoja na wadogo zake ana kimrija kinachoweza kuvutwa usingizini. Msichana wa sekondari ya bweni anajiuliza aifunge wapi chini ya sare, na mwalimu asiyeelimishwa ataidhania simu na kuichukua. Yapo pia mazuri ambayo tusiyasahau. Kondoa, ambako Waislamu ni wengi, kijana aliyeruhusiwa na daktari wake kufunga Ramadhani anaweza kushusha dozi ya msingi mchana na kuipandisha baada ya futari, kwa usahihi ambao sindano haina. Na mtu aliyechoka kujichoma miaka mingi anapumzika, mwili na roho. Pumziko hilo nalihesabu kuwa tiba, wala simlaumu yeyote anayelitamani.

Sasa, nani wa kuyabeba mafunzo haya? Mjadala wa kisukari nchini umetawaliwa na watu wazima. Utafiti wa kitaifa wa 2012 uliokuta asilimia 9.1 ya watu wazima wana kisukari ulishtua wengi, na ni kweli ulistahili. Mtoto wa aina ya kwanza akabaki pembeni, na hata majirani humshangaa, kwa maana wameaminishwa kwamba sukari ni ugonjwa wa wenye nazo. Chama cha Kisukari Tanzania pamoja na mpango wa kimataifa wa kusaidia watoto wenye kisukari, ulioanza mwaka 2009, ndivyo vilivyowafanya wengi wa watoto hawa wafike utu uzima kwa kuwapa insulini, mabomba na vipimo bila malipo. Lakini msaada una kikomo cha umri, na vipimo ndivyo vinavyoisha kwanza. Kupima mara nne kwa siku ni stripu 120 kwa mwezi. Familia ikipata nusu ya hizo, inaanza kuchagua siku za kupima, na ratiba yoyote ya kurekebisha dozi inakuwa kubahatisha. Mtu anayebahatisha hapaswi kuvalishwa pampu.

Matumaini yangu yako Kondoa zaidi kuliko kwenye video. Agosti 2022, mjini Lomé, nchi za kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani zilipitisha mkakati wa PEN-Plus, unaopeleka tiba ya aina ya kwanza, selimundu na magonjwa ya moyo ya watoto na vijana kwenye hospitali za wilaya, mikononi mwa wauguzi na maofisa tabibu waliofundishwa. Rwanda ilikuwa imeonyesha kwamba inawezekana. Tanzania ilianza na Karatu na Kondoa, na Aprili 2024 Dar es Salaam ikawa mwenyeji wa mkutano wa Afrika kuhusu mkakati huo. Kwa mtoto wa Kondoa maana yake ni muuguzi anayemjua kwa jina, badala ya safari ya kumtafuta bingwa mjini. Huko Neno, wilaya ya vijijini Malawi, wagonjwa wa kliniki za aina hii walipewa vihisi vya sukari vya kuvaa, na ikaonekana kwamba wanavimudu. Hilo linavunja dhana kwamba mkulima hawezi kifaa cha kisasa.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge hapahapa Dodoma mwaka 2023. Ninapofikiria kitita chake, siombi pampu iwe ya kwanza. Naomba stripu nne kwa siku kwa kila mwenye aina ya kwanza bila kikomo cha umri, insulini ya muda mrefu na ya kasi kwenye hospitali ya wilaya, muuguzi mmoja mwenye simu ya zamu ya usiku, na stripu za ketoni. Hayo yakishika mizizi, pampu zianze kwa wachache wenye haja iliyo wazi: watoto wachanga ambao dozi zao ni ndogo kuliko alama za bomba la sindano, wajawazito wenye aina ya kwanza, na wale ambao sukari yao hushuka usiku bila wao kuhisi chochote. Hospitali ya rufaa inaweza kuwaanzishia, na Kondoa ikawaendeleza. Na atakayejitolea kuleta mashine, aulizwe kabla ya kupokelewa kama ameleta pia vimrija na makasha ya miaka yote ambayo mashine hiyo imekusudiwa kudumu. Kama hajaleta, fedha hizo zinunue stripu.